"Chanzo: Google" si ruhusa

Nakutana mara kwa mara na makala iliyonakiliwa neno kwa neno, na chini yake mstari mmoja: "Chanzo: Google." Google haikuandika makala ile wala kupiga picha zake. Mwenye kazi yupo, ana jina, na mara nyingi hajaulizwa.

Mimi napiga picha na kuandika habari za uvuvi hapa Mwanza. Picha yangu ya akina mama wakianika dagaa niliikuta kwenye ukurasa wa mtu. Ili kuondoa jina langu lililokuwa kona ya chini, aliikata picha hadi mama wa mbele akabaki hana miguu. Maelezo yakasema ni Ziwa Tanganyika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana wale akina mama niliwaahidi kuieleza kazi yao kama ilivyo.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ile ya Kenya ya 2001 na Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, zinakubaliana hapa: hakimiliki haisubiri usajili wala alama. Kwa hiyo usiseme "haikuwa na alama yoyote." Na kutaja chanzo ni wajibu, lakini hakuchukui nafasi ya ruhusa.

Habari yenyewe ni ya wote. Bei ya dagaa ikipanda, yeyote anaweza kuiandika. Kinacholindwa ni namna mwenzako alivyoieleza. Basi isome, ifunge, piga simu sokoni, uandike kwa maneno yako. Ukitaka maneno yake, nukuu sentensi moja au mbili ndani ya alama za kunukuu, taja jina lake na uweke kiungo. Kubadilisha neno hapa na pale bado ni kunakili.

Picha ndizo zinazowaponza wengi. Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, ina picha nyingi za bure, ila soma masharti ya kila moja, kwani nyingi zinataka utaje mpigaji na leseni. Kwingineko, omba. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari za leo. Naomba kutumia picha yako ya wavuvi wa Ukerewe kwenye makala yangu ya bei ya samaki. Jina lako nitaliweka chini yake. Kama kuna malipo, nijulishe." Wengi ninaowaandikia hivi hukubali, na majibu yao nayatunza. Asiyejibu hajakubali, tafuta picha nyingine.

Ukiibiwa wewe, hifadhi kwanza picha ya skrini yenye tarehe, kisha mwandikie mhusika kwa ustaarabu. Aliyechukua picha yangu alirekebisha jina la ziwa na kurudisha picha nzima. Akikataa, andikia kampuni inayohifadhi tovuti yake. Kampuni zilizoko Marekani zina utaratibu wa kuondoa maudhui ya namna hiyo chini ya DMCA, sheria ya nchi hiyo ya 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni: taja kazi yako ya awali ilipo, anwani ya ukurasa ulioinakili na mawasiliano yako. Kwa Tanzania Bara nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa Kenya KECOBO, bodi ya hakimiliki, ukiwa na faili halisi la picha kama lilivyotoka kwenye kamera.