Mita sita zimekwenda wapi? Kisahani, kusi na mduara unaotazama bahari

SWALI: Shikamoo, Kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo kimoja hapa Malindi. Nina msichana wa kisahani na tufe, anatumia mkono wa kulia. Juni na Julai alikuwa akirusha kisahani mita 40 na zaidi uwanjani kwetu, na siku moja alifika 41.80. Tukaenda mashindano ya vyuo Nairobi, bora yake ikawa 35.60. Tufe alirusha 11.25, na huku nyumbani bora yake ni 11.30. Nina kijana pia, yeye ni wa mkono wa kushoto. Hapa hajawahi kufikisha mita 38, kule akarusha 38.90 mpaka mwenyewe akashangaa. Mkuu wangu anasema msichana anaogopa watu. Mimi naona mzunguko wake ndio mbovu, na nataka kumwanzisha upya kabla ya msimu ujao. Mduara wetu unaelekea baharini, mashariki na kusini kidogo. Nifanyeje? Na je, mkuki nao una mambo haya haya?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwanza nakuomba usimbadilishie kitu chochote huyo binti, angalau kwa wiki tatu. Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali, ila umelipita.

Tazama tufe. Tofauti ya nyumbani na Nairobi ni sentimita 5. Kama tatizo ni woga, uchovu wa basi la usiku au chakula cha bweni la wageni, tufe nalo lingeshuka. Mwili ule ule, siku zile zile, macho yale yale ya watu. Tufe la wanawake ni kilo 4 za chuma zilizoshikana kama ngumi, nalo huruka kitambo kidogo tu. Upepo haulijui. Kisahani cha wanawake ni kilo 1, kimetandazwa upana wa sentimita 18, na kinakaa angani sekunde mbili na ushei. Kwa hiyo mtafute mwizi ambaye kisahani kinamjua na tufe halimjui. Ni hewa.

Hesabu yake si ngumu. Mrushaji wa mita 40 hivi huachia kisahani kwa mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde. Siku isiyo na upepo, hewa inakutana na kisahani kwa mwendo huo huo. Ukimpa upepo wa usoni wa mita 5 kwa sekunde, ambao kwetu wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, si ajabu hata kidogo, kisahani kinakutana na hewa kwa mita 25. Nguvu ya hewa haipandi sambamba na mwendo, hupanda kwa mraba wake: 25 mara 25 ugawe kwa 20 mara 20, unapata 1.56. Yaani hewa inakishika kisahani kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu. Upepo huo huo ukija mgongoni, hewa inakutana nacho kwa mita 15, na nguvu inabaki kama nusu ya kawaida. Kisahani kinakosa cha kuegemea, kinadondoka.

Mtu wa bara ukimwambia upepo wa usoni unasaidia kurusha mbali atakucheka. Mtu wa Lamu hatacheka, kwa sababu ameona jahazi likipiga bisha, likienda kule kule upepo unakotoka, tanga limejaa. Upepo wa mbele unakizuia kisahani, ni kweli, lakini unakinyanyua zaidi ya unavyokizuia, mradi kimelala sawasawa. Kikiwa kimeinua pua, kinapanda kama tiara iliyokatika uzi, kisha kinarudi chini bila kwenda popote.

Sasa kuna kulia na kushoto, na hapa ndipo kijana wako anapoingia. Kisahani cha mkono wa kulia, ukikitazama kutoka juu, huzunguka kama akrabu za saa. Kinapokaribia kuishiwa mwendo, ukingo wake wa kushoto huanza kuinama, na tumbo lake likatazama kulia. Upepo ukitoka mbele upande wa kulia unakuta tumbo, unakibeba mpaka mwisho. Ukitoka mbele upande wa kushoto unakuta mgongo, unakikandamiza. Kwa mrushaji wa kushoto, geuza kila kitu.

Simama ndani ya mduara wenu ukitazama baharini. Mwezi wa saba kusi inakupiga wapi? Shavu la kulia. Aliyejenga mduara ule hakukusudia, nadhani alitafuta tu mahali pasipo na minazi, lakini alimjengea binti yako uwanja wa ndoto na akamjengea kijana wako adhabu. Kila jioni mmoja anabebwa na mwingine anakandamizwa, na wewe umeandika namba zao katika daftari moja ukidhani umepima watu wawili. Ulichopima ni mtu pamoja na upepo.

Tena binti anabebwa zaidi. Kisahani chake kina nusu ya uzito wa kile cha wanaume cha kilo 2, lakini upana wake si nusu: ni sentimita 18 dhidi ya 22. Kila gramu ya kisahani cha mwanamke ina hewa nyingi zaidi ya kuishika, kwa wema na kwa ubaya.

Usidhani hii ni hila ya washamba wa pwani. Rekodi ya dunia ya wanaume ya Jürgen Schult, mita 74.08, ilikaa tangu 1986 mpaka Aprili 2024, kijana wa Lithuania, Mykolas Alekna, alipoivunja kwa 74.35 akiwa na miaka 21. Aliivunja Ramona, Oklahoma, Marekani, mahali wanapofuata upepo makusudi. Mwaka uliofuata alirudi pale pale akafika 75.56. Hakuna aliyemnyang'anya, kwa kuwa kanuni ya upepo usiozidi mita 2 kwa sekunde ni ya mbio fupi, kuruka mbali na miruko mitatu. Warushaji hawawekewi kikomo cha upepo. Kwa hiyo 41.80 ya binti yako ni halali kabisa. Ila si mali ya kusafiri nayo.

Nairobi pia ina lake. Iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu moja ya sita. Mkimbiaji wa mita 100 anaipenda, kisahani hakiipendi, maana kinaegemea hewa iliyopungua. Hukuniambia bendera za uwanja zilipepea kuelekea wapi siku ile. Kama zilielekea kule mlikorusha, basi mlikuwa na upepo wa mgongoni.

Lakini sitakudanganya kwamba mita zote sita ziliondoka na upepo. Sehemu yake ameipoteza mwenyewe, na ameipoteza kwa kuwa hodari. Mtu anayerusha miezi miwili dhidi ya kusi hujifunza bila kufundishwa kurusha chini, kisahani kimelala bapa, kwa sababu kila akikiinua kinapanda tiara. Mwili unashika. Ukimpeleka mahali palipotulia anarusha vile vile, chini na bapa, na kisahani kinawahi ardhi. Kitu cha kumfundisha ni hicho tu. Mzunguko wake uache.

Nasema kwa uchungu kidogo kwa sababu kosa hili nimelifanya. Miaka ya nyuma nilikuwa na mrushaji wa kulia aliyepanda vizuri mwezi wa sita mpaka wa nane. Kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, ilipoingia akaanza kushuka. Nikaona mguu wake wa kulia unachelewa kugeuka, nikaurekebisha. Akashuka tena. Nikaona kichwa kinatangulia, nikakirekebisha. Kufikia Februari nilikuwa nimemrekebisha mpaka hakujua tena kuingia mduarani. Jioni moja baba yake, nahodha wa mashua ya uvuvi, alikuja kumchukua. Akasimama ukingoni, akatazama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kwani upepo haujageuka?" Ninafundisha urushaji mpaka leo, lakini swali lile bado linanichoma.

Kabla ya kocha kugusa mtu, basi, atenganishe mtu na upepo. Fanya hivi. Funga kitambaa chepesi juu ya mti wa mita mbili, ukichomeke pembeni ya mduara. Chagua mirusho ya kusimama, bila mzunguko, ili uuondoe mduara katika hesabu. Siku moja ya upepo, jioni, arushe mara kumi kuelekea baharini, kisha avuke upande wa pili wa uwanja arushe kumi kuelekea bara. Kesho yake alfajiri, kabla bahari haijaamka, arushe kumi nyingine. Andika zote, na kando ya kila moja chora mshale mdogo wa kitambaa. Zile za alfajiri ndizo zake. Kijana naye afanye hivyo hivyo.

Huko upande wa bara pima eneo la kuangukia kwa kamba: kutoka mahali anaporushia nyosha mita 20 kila upande, na ncha hizo mbili ziachane mita 12. Hiyo ndiyo pembe ya nyuzi 34.92 ya kisahani, tufe na nyundo, huhitaji kifaa kingine. Kama hakuna kizimba cha nyavu upande huo, watu wote wakae nyuma kabisa, na asionekane mtu kulia kwake wala kushoto. Kisahani kilichoponyoka mkononi hakichagui. Na njia ya wapita ufukweni ifungwe kwanza, hata kama wauza madafu watakununia.

Ukishajua namba yake ya kweli, mazoezi gawanya. Usimrushishe dhidi ya kusi kila siku kwa sababu tu namba zinapendeza. Wiki moja, siku moja usoni mwa upepo, siku moja mgongoni, asubuhi moja kwenye utulivu. Usoni mwa upepo aachie chini kidogo, nyuzi 30 na kitu, ukingo wa mbele umelala. Mgongoni aachie juu, akaribie nyuzi 40, na ukingo wa mbele uinuke kidogo ili upepo upate pa kusukuma. Usimwambie nyuzi, hazioni. Mwambie "pita chini ya waya" na "pita juu ya mnazi", chagua waya na mnazi unaoonekana kutoka mduarani. Jambo moja lisibadilike katika hali zote: kisahani kitoke mwisho kwenye kidole cha shahada, kikiwa kimetulia. Kinachotikisika hewani hakisaidiwi na upepo wowote.

Mduara wenyewe nao uutazame. Upepo wetu unamwaga mchanga laini juu ya saruji, na mguu unateleza kwa urahisi. Mduara wa mashindano ukiwa mkavu na wa kukwaruza, kiatu kinashika, mguu wa kulia unakwama na kiuno kinachelewa. Fagia kila mara kabla ya mazoezi. Mara moja kwa wiki mpeleke kwenye saruji ya kukwaruza isiyopigwa msasa, hata sakafu ya karakana ya chuo, azunguke bila kisahani.

Kuhusu mkuki, la, usihamishe kanuni hii. Mkuki wa wanaume ulibadilishwa 1986, na wa wanawake 1999: kitovu cha uzito kilisogezwa mbele ili pua iiname na uchomeke chini, kwa sababu Mjerumani Uwe Hohn alikuwa ameshafikisha mita 104.80 mwaka 1984 na viwanja vilikuwa vinaisha. Mkuki wa sasa ukiachiwa pua juu dhidi ya kusi unasimama hewani na kufa. Mwambie arushe chini, nguvu ipite katikati ya mkuki kabisa, na upepo wa mgongoni asiuogope. Wanafunzi wote wanataka mita 92.72 za Mkenya Julius Yego za Beijing 2015. Waache watake, lakini waanze kwa kuupeleka mkuki ukiwa umenyooka.

Kwa mkuu wako, mpelekee karatasi ya tufe. Itatosha. Na kijana wa kushoto usimwache akidhani Nairobi ilikuwa bahati. Desemba kaskazi itaingia, na itawapiga shavu la kushoto. Mpime tena Januari katika mduara ule ule, kisha niandikie namba zake pamoja na mishale ya kitambaa.