Somo ambalo divisheni hailihesabu

Nilimaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na biolojia) na divisheni tuu, yaani daraja la pili, ya pointi 11, nyumbani wakachinja kuku. Wiki iliyofuata nilikuwa intaneti kafe, mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uko wazi kwenye skrini, narudia mstari mmoja kwa mara ya tano. Kozi ya kompyuta niliyoitaka tangu kidato cha pili ilidai prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye gredi ya A hadi E, na hizo nilikuwa nazo. Halafu ikaongeza: angalau S (gredi iliyo kati ya E na F) ya BAM, au C ya hisabati ya kidato cha nne. BAM nilikuwa na F. Hisabati ya kidato cha nne, D.

Kwa asiyeijua, BAM ni ile hisabati ndogo wanayosoma PCB, CBG (kemia, biolojia na jiografia) na wengine wasiochukua Advance, ile hisabati kubwa. Baraza la Mitihani, NECTA, likikokotoa divisheni linaangalia masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo wako. BAM na GS, somo la maarifa ya jumla, hazimo. Darasani kwetu habari hiyo ilifika kabla ya mwalimu wa BAM mwenyewe. Kipindi chake kilikuwa baada ya chakula cha mchana, tukakitumia kumalizia ripoti za praktiko ya kemia, au kulala. Mada ya kwanza ilikuwa matumizi ya kikokotoo, tukacheka: hili nalo somo? Daftari langu bado ninalo. Kurasa 11 zimeandikwa, ya mwisho ina swali la matriki lililoachwa njiani, na chini yake nimechora ua.

Wala sikuwa mvivu, na hapo ndipo paliponiuma. Nilipiga msuli mpaka saa nane usiku, nikamaliza pasti pepa za biolojia za miaka kumi. Ila nilikuwa naisomea divisheni, nikiamini divisheni ndiyo chuo.

Sivyo. Kwa NECTA, A ni pointi 1 na F ni 7, kwa hiyo ukipata chache unashangilia. Kwenye udahili hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, unatafuta nyingi. Na chuo hakijumlishi kila kitu. Kinaangalia yale masomo ambayo kozi imeyataja. Chukua wanafunzi wawili wa PCB. Mmoja ana A ya kemia, D ya biolojia na D ya fizikia. Mwingine ana C tatu. Wote ni divisheni wani ya 9, wote watapigiwa vigelegele. Kozi ikitaja fizikia na biolojia, wa kwanza ana pointi 4, yaani amegusa tu kile kiwango cha chini cha kuingia digrii, na wa pili ana 6. Ikitaja kemia na biolojia, wa kwanza anaongoza kwa 7. Cheti hakijabadilika hata herufi moja.

Tena kiwango cha chini ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Kwenye kozi zinazogombaniwa, udaktari kwa mfano, wenye sifa huwa wengi kuliko nafasi, na hapo D zako tatu zitakutana na A za watu.

Mdogo wangu alipopangiwa CBG nilimkalisha chini kabla hata hatujanunua godoro na ndoo. Tuliufungua mwongozo wa mwaka ule, tukachagua kozi tatu: anayoitamani, anayoiweza bila presha, na ya akiba. Ndani ya jalada la daftari lake la kemia akaandika, kwa kila kozi, masomo yaliyotajwa, gredi ya chini, na yale maneno madogo ya mwishoni ambayo mimi sikuyasoma. BAM ilijitokeza kwenye kozi mbili kati ya tatu. Akaipa Jumanne na Alhamisi, dakika arobaini kabla ya prepo ya kawaida, basi. Jiografia, ambayo tayari alikuwa anapata B bila kuhangaika, aliacha kuiendea tuisheni ya Jumamosi. Mama alilalamika: mtoto gani anapunguza tuisheni? Mimi nilimtetea. Saa za mwanafunzi wa bweni zinahesabika, na ukiongeza moja huku lazima uitoe kule, mara nyingi kwenye usingizi.

Msimuige kaka au dada aliyetangulia, nami nikiwemo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, na mwongozo wa udahili hutolewa upya kila mwaka. Sharti lililonikwama kooni mimi huenda kwenye kozi yako halipo, na lipo lingine.

Na kama yameshaharibika? Mimi nilikaa nyumbani mwaka mzima. Nilijisajili kama mtahiniwa binafsi, nikarudia BAM peke yake, nikapata C. Somo lenyewe si gumu, hilo ndilo la kuchekesha. Wiki sita za utulivu zilitosha kulielewa, wiki ambazo bwenini ningezipata bure.

Jambo la mwisho halihusu kusoma. Wakati wa kuomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na watu hukigusa cheti hicho baada ya matokeo kutoka. Chetu tulikitoa kabatini likizo ya Desemba ya kidato cha tano. Jina la kati la mdogo wangu lilikuwa na herufi moja isiyokuwepo kwenye cheti cha kidato cha nne. Kulirekebisha kulichukua safari tatu, na safari ya pili karani alikuwa ameenda msibani. Ingekuwa Julai, dirisha la kwanza la maombi likiwa wazi, tungelia. Desemba tulirudi tu nyumbani, tukaenda tena Jumatatu.