Seva Mbili, Mita Moja ya Umeme

Kwa miaka kadhaa nilitunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, na nilijivunia seva mbili zilizokaa kwenye rafu moja, ya pili ikipokea papo hapo kila badiliko la data kutoka ya kwanza. Usiku mmoja wa Jumamosi zote mbili zilizimika kwa pamoja. Nilifika nikimulika kwa simu, UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ikiwa kimya, na nilipoitazama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, nikakuta uniti zimekwisha tangu jioni.

Tangu siku hiyo huwa sihesabu seva, bali vitu ambavyo seva hizo zinavitegemea kwa pamoja: mita, swichi ya mtandao, kiyoyozi, hata ufunguo wa chumba alionao mlinzi mmoja. Ukilipia kampuni mbili za intaneti, waulize pia wanapitia mikongo gani ya baharini, kwa maana tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja.

Kwa upande wa data, tuliihamishia seva pacha, yaani ile ya pili, kwenye jengo jingine mjini humo humo, na seva kuu haithibitishi muamala mpaka pacha ijibu kuwa imeuandika. Njia hii hailazi shilingi njiani, ila ina gharama yake: pacha ikizimika, seva kuu nayo husimama ikisubiri, kwa hiyo ni busara kuwa na pacha zaidi ya moja. Nakala ya tatu iko mkoa mwingine na hupokea data kwa kuchelewa kidogo, kwani kusubiri jibu kutoka mbali kungewachosha makarani.

Uamuzi wa nani awe seva kuu usiachiwe seva mbili peke yake. Zikipoteza mawasiliano, kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote huanza kupokea na kuandika data mpya. Kwa GitHub, huduma ya kuhifadhi programu mtandaoni, tarehe 21 Oktoba 2018, mtandao ulikatika kwa sekunde 43 tu, lakini huduma iliyumba kwa zaidi ya saa 24, kwa sababu kila upande ulibaki na data ambayo mwenzake hakuwa nayo. Weka mashine ya tatu, hata ndogo, ipige kura.

Wala pacha si nakala ya akiba. Ukifuta jedwali kimakosa, nayo hulifuta kwa utiifu uleule, kwa hiyo nakala za kila usiku hubaki palepale, na ni lazima zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli.

Sasa kila mwezi tunachomoa waya wa seva kuu kwa makusudi. Mara ya kwanza pacha ilishika kazi ndani ya sekunde chache, lakini programu ya kaunta iliendelea kuita anwani ya seva iliyozimwa kwa saa nzima, kwa sababu kuna mtu aliiandika moja kwa moja ndani ya programu. Mtu huyo ni mimi.