Kuchemsha hakuondoi sumu ya mwani

Wadogo zangu wa maabara, nimemsikia tena mmoja wenu hapo Dunga, ufukweni mwa Ziwa Viktoria kule Kisumu, maji ya ghuba yakiwa kijani kibichi, akimwambia mama mwenye ndoo: "Chemsha tu, mama, hayana shida." Yana shida.

1. Moto unaua vijidudu vya kipindupindu, lakini mikrosistini, sumu ya mwani inayoshambulia ini, hauiwezi. Tena seli za Microcystis, mwani unaoitengeneza, zinapasukia humo sufuriani na sumu yote inatoka. Agosti 2014 huko Toledo, Marekani, karibu watu 500,000 walikatazwa maji ya bomba kwa ajili ya mwani wa Ziwa Erie, na tangazo lilisema wazi: msichemshe. Mwelekezeni mama kwenye kisima au maji ya mvua, na mumwambie mbuzi wake wasinywe hapo.

2. Kwenye mtambo wa kusafisha maji, msimwage mrututu wala klorini juu ya mwani ulio hai. Shabu, tuamisha, chuja, seli zitoke zikiwa nzima, klorini baadaye. Maji kuwa meupe si ushahidi wa kitu. Someni habari za Caruaru, Brazili, 1996. Maji ya bwawa lenye mwani, yasiyotibiwa ipasavyo, yalipelekwa kwa lori kwenye kliniki ya kusafisha damu. Mgonjwa wa figo hayanywi maji hayo: lita zaidi ya 100 kwa kikao kimoja hupita pembeni mwa damu yake, zikitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Walianza kuumwa kichwa, kutapika, macho yakaona ukungu, kisha maini yakashindwa. Vifo 52 vilihusishwa na sumu hiyo. Watu walikuja kutibiwa, jamani! Kila mgeni maabara nampa kisa hiki kabla ya kumpa koti.

3. Sampuli ya sumu: chupa ya kioo ya kahawia, barafu, tayosulfati ya kuzima klorini kama maji yanayo, Lugol (maji ya iodini) ni ya kuhesabia seli tu.

4. Andikeni saa na upepo. Utando wa mwani ulioko ufukweni asubuhi, jioni unaweza kuwa kwenye mdomo wa bomba la mtambo.

5. Kipimo cha mikrosistini kikizidi mikrogramu 1 kwa lita kwenye maji ya kunywa, acheni kupamba ripoti, shikeni simu. Kwanza mtambo, halafu hospitali yenye mashine za kusafisha damu, muulize maji yao yanatoka wapi leo.