Kielezi, kirai kihusishi na kishazi tegemezi katika Kiingereza: kila kipande kitafutie pa kuegemea

Mleta mada ameuliza jambo ambalo wengi hulikwepa. Anasema kielezi anakijua, kirai kihusishi anakijua, kishazi tegemezi anakijua, ila akivitia vyote vitatu kwenye sentensi moja ya Kiingereza, sentensi inavurugika. Mfano wake ni huu: "He went because he was late quickly after the meeting to the station." Mimi kazi yangu ya miaka mingi ni kusahihisha insha na ripoti za Kiingereza za watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na sentensi za namna hii napambana nazo kila mara. Naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Jambo la kwanza ni kwamba vipande hivi vitatu mara nyingi vinafanya kazi ileile. "Early", "before noon" na "before the shops opened" vyote vinajibu swali la lini. Kimoja ni neno tu, cha pili ni kihusishi pamoja na nomino yake, cha tatu kina kiima (mtenda) na kitenzi chake. Hebu tazama "before" lenyewe: "I have seen it before", "before the exam", "before the exam began". Neno halijabadilika hata herufi, lakini vitabu vya shule vinaliita kielezi, kisha kihusishi, kisha kiunganishi. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliupinga mgawanyo huo tangu mwaka 1924, na kwa maoni yangu hoja yake ilikuwa nzito. Kwa hiyo unapoandika, jina la kipande lisikusumbue sana. Jiulize kipande hicho kinaegemea nini: kitenzi hiki, nomino ile, au sentensi nzima?

Swali hilo lina uzito kwa sababu Kiingereza hakina upatanisho kama wetu. Sisi viambishi vinaonyesha nani anahusiana na nani hata maneno yakiwa mbalimbali. Ukisema "lililovunjika", msomaji anajua ni dirisha na si mlango. Kiingereza kazi hiyo kimeipa mahali neno lilipo. Msomaji wake akikutana na kipande, kwanza atakiunganisha na kilicho jirani.

Tujenge sentensi moja hatua kwa hatua. Anza na "The nurse opened the window." Ongeza "slowly". Unaweza kusema "Slowly, the nurse opened the window", au "The nurse slowly opened the window", au "The nurse opened the window slowly". Zote sawa. Isiyokubalika ni "The nurse opened slowly the window", kwa sababu Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa. Kosa hili ndilo ninalolisahihisha kuliko yote, na mtu akilishika hili peke yake, uandishi wake unabadilika mara moja.

Sasa ongeza "in the children's ward". Ukikiweka mwishoni, "The nurse slowly opened the window in the children's ward", kimekaa jirani na "window", nacho kinatueleza ni dirisha lipi. Safi. Ongeza "before the doctor arrived" mwishoni, bado inasomeka. Halafu unataka kutaja sababu, "because the room was hot", nawe unaisukuma palepale mwishoni: "The nurse slowly opened the window in the children's ward before the doctor arrived because the room was hot." Hapo ndipo inapoharibika. Jirani wa "because" sasa ni "arrived", kwa hiyo kwa msomaji makini ni kama daktari alifika kwa sababu chumba kilikuwa na joto. Hakuna neno lenye kosa, ila sababu imeegemea kitenzi kisicho chake. Dawa ni kuihamishia mbele: "Because the room was hot, the nurse slowly opened the window in the children's ward before the doctor arrived." Sababu imekaa mwanzoni na mkato wake, wakati umebaki mwishoni, na kielezi kimeshikana na kitenzi. Mzigo umegawanywa pande mbili za kishazi huru, yaani sehemu inayoweza kusimama peke yake kama sentensi.

Kwa njia hiyohiyo, sentensi ya mleta mada inakuwa: "After the meeting, he went quickly to the station because he was late." Ukiniuliza mimi, ningeondoa hata "quickly" na kuandika "he hurried to the station". Kitenzi kizuri hukupunguzia kipande kimoja cha kutafutia mahali.

Vikibaki vipande kadhaa mwishoni, mpangilio wa kawaida ni namna, kisha mahali, kisha wakati: "She spoke calmly at the meeting yesterday." Si sheria ya chuma. Kipande kirefu hupenda kwenda mwisho kabisa hata kama kinavunja mpangilio huo, ndiyo maana kishazi tegemezi kikifuata kishazi huru, mara nyingi ndicho kinachofunga sentensi.

Kuna hatari nyingine, ya kipande kilichokaa katikati ya vitenzi viwili. "Students who practise often improve." Je, ni wanafunzi wanaofanya mazoezi mara kwa mara, au ni kwamba wanaofanya mazoezi huwa wanapata maendeleo mara nyingi? "Often" ina jirani huku na jirani kule. Andika "Students who often practise improve" au "Students who practise will often improve", utata umekwisha. Kirai nacho kina mtego huohuo: "She said that she would call on Monday." Kama Jumatatu ndiyo siku aliyosema, andika "On Monday she said that she would call." Kama ndiyo siku ya kupiga simu, andika "She said that on Monday she would call." Kwenye barua ya kazi, tofauti hiyo inaweza kumfanya mtu akusubiri bure.

Ukanushi unahitaji uangalifu zaidi. "He didn't leave because he was angry" inaweza kuwa na maana kwamba aliondoka, ila hasira siyo iliyomwondoa. Ukiweka mkato kabla ya "because", msomaji ataelewa kwamba hakuondoka, na hasira ndiyo sababu. Mkato huo mdogo unageuza habari nzima, kwa hiyo mtu asikwambie mikato ni mapambo. Kama bado una wasiwasi, tanguliza sababu: "Because he was angry, he didn't leave."

Wengi hudhani vipande hivi hupangwa kimoja baada ya kingine tu. La, huingiana pia. Kielezi kinaweza kuegemea kirai au kishazi kizima badala ya kitenzi: "shortly after the meeting", "long before she was born", "only because he asked", "even when it rains". Hapo kielezi hukaa mbele ya kile kinachokipima. Nayo "only" ichunge sana. "I only called because you asked" wanaisema kila siku kwenye mazungumzo, lakini kwenye maandishi rasmi nashauri "I called only because you asked", maana hapo "only" imekaa na sababu yenyewe.

Mambo mawili ya haraka. Sisi tunasema "ingawa alichoka, lakini aliendelea", na hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakitaki "although" na "but" pamoja, chagua moja. Na baada ya "when", "before" au "until" ya wakati ujao, kitenzi kibaki katika wakati uliopo: "When he arrives, I will call you", siyo "When he will arrive".

La mwisho nimeliacha kwa sababu ndilo gumu. Kipande cha kawaida kikitangulia, kishazi huru hakiguswi: "After the guests had left, she sat down." Lakini kikitanguliwa na "only", au sentensi ikianza na neno la kukanusha kama "never", kitenzi kisaidizi lazima kiruke mbele ya kiima: "Only after the guests had left did she sit down." Angalia vizuri: kinachogeuka ni kishazi huru, "did she sit down". Ndani ya kishazi tegemezi, "the guests had left", mpangilio haubadiliki. Ninaowasahihisha hugeuza upande usiotakiwa na kuandika "Only after had the guests left she sat down". Mleta mada, jaribu kutunga za kwako zinazoanza na "only when" na "only because", uziweke hapa tuziangalie pamoja.