Triga ya Tikka yako: kulegeza sawa, ila jaribu kabla hujaweka risasi

Mkuu umeuliza kama ni salama kulegeza mwenyewe triga (kifyatulio) ya bunduki yako ya kuwindia, Tikka T3 ya .308, maana unasema nzito na unawakosa kosa swala. Mi nimeshughulika na bunduki za kambi za uwindaji kusini huko muda mrefu, nakujibu nilivyozoea kufanya.

Kwanza ujue uzito wa triga, yaani nguvu ya kuivuta mpaka ifyatuke, usikadirie kwa kidole. Hakikisha chemba na magazini tupu, angalia kwa macho na uingize kidole, risasi ziache chumba kingine kabisa. Kisha chukua ile mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, shika triga katikati, vuta taratibu mpaka ifyatuke, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Tikka kiwandani inarekebishika kati ya kilo 1 na 2 hivi, so ukikuta iko kwenye mbili una pa kushuka, ila kama iko moja na robo halafu bado unakosa basi mkuu shida sio triga, ni kidole au skopu (darubini ya kulengea).

Skrubu ya kugusa ni ile moja ya springi ya uzito basi, unaipata kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) ukishatoa bunduki kwenye mbao ya kitako. Bunduki nyingine, hasa zile zilizofungwa triga za kununua pembeni, zina skrubu ya pili inayopanga ni kiasi gani vile vyuma viwili vya ndani vinashikana, hiyo ndo inatia watu matatani, ukiikaza inakuwa tamu kweli, inakatika kama kioo, lakini vyuma vimeshikana kwenye ncha tu na mtikisiko wa Land Cruiser unatosha kuifyatua. Hiyo mwachie fundi mwenye leseni.

Na usidhani ni stori, 2014 Remington, kampuni ya bunduki ya Marekani, waliita zirudishwe Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro za kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, sababu gundi ya kuzuia skrubu ilizidi wakati wa kuunganisha na bunduki ingeweza kulia bila kuvutwa. Gundi tu hiyo! Sasa fikiria vumbi la Agosti likichanganyika na mafuta mazito, maana kuna watu wanamiminia triga mafuta kama wanapaka mnyororo wa baiskeli. Ndani ya triga safisha kwa petroli ya kiberiti, iache ikauke, basi.

Ukishamaliza ndo kazi inaanza. Bado tupu, koki, funga bolti (komeo la chemba) kwa nguvu mara kumi na tano hivi uone kama pini ya kugonga risasi itaanguka yenyewe. Koki tena, sefti (kizuizi cha usalama) ikiwa imetolewa, gonga kitako chini kwenye mpira wa tairi, kisha gonga pembeni na juu kwa nyundo ya mpira. Halafu washa sefti, vuta triga kwa nguvu kabisa, achia, toa sefti bila kugusa triga. Pini ikianguka hapo hata mara moja tu rudisha uzito juu, na ikirudia tena hiyo bunduki haiendi porini, inaenda kwa fundi.

Kuhusu kiasi, swala na pofu kilo moja na nusu mi naona poa. Ila kama una mpango wa bunduki kubwa ya .375 kwa ajili ya nyati usishuke chini ya kilo mbili, pale mikono inatetemeka, umekimbia, kidole hakisikii kitu, na mbele yako kuna mfuatiliaji ameinama. Wenye bunduki za CZ 550 wanaosukuma triga mbele iwe nyepesi nao hivyo hivyo, kwa nyati achana nayo, na kama umesukuma halafu hukupiga elekeza mtutu pa salama, nyanyua mkono wa bolti utoe risasi kwanza.

Yako umeshaipima au bado? Na skrubu ikikaa sawa weka tone la rangi ya kucha kwa nje, siku ikijizungusha utaona rangi imepasuka.