Taya kulia "tak" na kile kipimo cha mashine: mimi nilikifanya

Ndugu wa Malindi, umeuliza: taya linalia "tak" ukipiga miayo, daktari wa meno anataka kurekodi mwendo wake kwa mashine, je, ulipe? Mimi nililipa.

Mimi ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu. Nikigonga patasi huwa nimeuma meno, na jioni barazani ni miraa, shavu la kushoto. Ikafika siku mahamri ya jana yakanishinda. Nikavuka Mokowe, nikapanda basi hadi Mombasa.

Kipimo hakiumi. Wanakubandika sumaku ndogo kwenye meno ya chini ya mbele, wanakuvika fremu kama ya miwani yenye vihisio, unaambiwa fungua, funga, peleka kulia, kushoto. (Udenda ulinitoka kama mtoto anayeota meno.) Kompyuta inachora mstari. Wangu ulifika milimita 46. Mtu mzima kwa kawaida hufungua 40 hadi 50, kama vidole vitatu. Ila njiani ulipinda kushoto, "tak", ukarudi katikati. Yaani kisahani cha gegedu ndani ya kiungo, pale mbele ya sikio, kimeteleza mbele, na nikifungua kinarudi mahali pake. Ungepinda bila kurudi, kinywa kikagoma kwenye 25 au 30, wangeshuku kimekwama.

Sasa sikiliza. Kwa mchoro huo tu, kliniki ile ikataka kunichonga meno "yakae sawa". Nikakataa. Mti ukishachongwa haurudi, nami hiyo ndiyo kazi yangu.

Daktari wa pili hakuwasha mashine yoyote. Alinibonyeza misuli ya mashavu na ya panja, akapima kwa rula, akauliza natafuna nini. Akasema hata wasioumwa mistari yao hupinda, na mlio usiouma mara nyingi huachwa. Mchoro huonyesha taya linapita wapi. Kisahani chenyewe huonekana kwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku.

Nikaacha miraa, nikala laini, kitambaa cha maji moto, na kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Baada ya miezi mitatu maumivu yakaisha. Mlio ningali nao.

Wewe kwanza simama mbele ya kioo, mtu akurekodi kwa simu ukifungua kinywa polepole. Mpelekee daktari video hiyo, umuulize: mchoro wa mashine ukija hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika? Ila kinywa kikigoma ghafla kufunguka, usingoje, nenda siku hiyohiyo.